Salamu Iliyochujwa

Kinenaji kilikuwa kidogo kama punje ya njugu, kimeshikizwa shingoni kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Kilisoma mishipa ya fahamu ya koo, kikajua neno ambalo mtu anataka kulitamka, kikalitamka kwa niaba yake. Katika jiji la Thohoyandou, Afrika Kusini, ambako roboti zilijua kila lugha ya wakubwa, hiki kilikuwa chombo cha kwanza kunena Kivenda. Thilivhali alikiunda kwa hasira: alichoka kuambiwa lugha yake ni ndogo.

Wa kwanza kukivaa alikuwa mama yake, Vho-Tshinakaho, aliyenyang'anywa sauti na maradhi ya koo.

Leo makhadzi, shangazi mwenye neno la mwisho katika ukoo, alikuja kusikia. Asiporidhika, chombo kitatolewa, na mama atarudi kimyani.

Mama alijilaza kwa ubavu sakafuni, viganja vimekutana, kama wanawake wa Kivenda wanavyoamkia. Kinenaji kikasema kwa sauti tamu: "Ndaa!"

Makhadzi aliangua kicheko. "Wifi! Umeota ndevu lini?"

Maana "Ndaa" ni salamu ya mwanamume. Mwanamke husema "Aa."

Mama alijaribu tena. "Ndaa!" Machozi yakamlenga.

"Umemfanya mama yako dume," makhadzi akasema, hacheki tena. "Huyu ni kasuku, si Muvenda. Kitoe."

Thilivhali alifungua kioo cha vipimo, damu ikimchemka. "Aa" ya mama ilikuwepo, imefika wazi, kisha imefutwa. Mfutaji ni yeye mwenyewe: kichujio chake cha kuondoa miguno ya wagonjwa kiliidhania kila "Aa" kuwa mguno, kikaweka mahali pake salamu iliyobaki, ile ya wanaume.

Akakizima kichujio. "Mama, salimu."

"Aa," sauti ikatoka, ndefu, laini.

Makhadzi akashuka naye sakafuni. "Aa! Wifi yangu, aa!"

Thilivhali alirusha ngumi hewani.

"Aa," kinenaji kikasema tena. Na tena, fupi, nzito. Mama alijiziba mdomo kwa kiganja, bure.

"Hiyo si salamu," makhadzi akanong'ona.

"Mama, nini?"

"Sindano. Zinachoma tangu siku ya kwanza. Ulikuwa na furaha mno, mwanangu."

Mkono wa makhadzi ulienda mbio shingoni mwa wifi yake. Mama akaudaka, akaung'ang'ania.

"Usitoe. Nimekaa na maneno moyoni kwa miaka. Aa. Acheni niseme. Aa."