Nyumba Isiyopitisha Hewa

Jua lilikuwa linazama nilipotoka uani kuanua nguo. Niliporudi jikoni nikatupia jicho kioo cha betri za sola. Mchana kutwa zilikuwa zimejaa. Sasa zilikuwa nusu... na zinashuka.

Nikazima taa. Nikachomoa friji.

Zikazidi kushuka.

Chumbani binti yangu alikuwa amelala na mashine yake ya kupumulia. Mapafu yake ni mabovu tangu azaliwe. Ndiyo sababu tulijenga nyumba hii: kuta nene, madirisha ya vioo viwili, vumbi halipenyi, na umeme wetu wenyewe usiokatika. Usiokatika! Kweli mdomo huponza kichwa.

Nikampigia fundi aliyetujengea.

"Dada, kuna kitu kinakula umeme. Kioo kinaonyesha chumba gani?"

"Stoo. Lakini stoo haina hata soketi..."

Simu ikakatika.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaninong'oneza, "Siku ile ya kutafuta nyufa, fundi alifukiza nini?"

Moyo ukanilipuka. Siku ile fundi alifunga nyumba nzima ili ajaze moshi, aone unavujia wapi. Hakuwa na cha kufukiza. Mimi ndiye niliyempa ubani. Ndani ya nyumba tupu, bila dua, bila hata neno. Moshi haukutoka popote, nasi tukapiga makofi kama wajinga.

"Ubani ni mwito wa pepo, mwanangu. Mlikiita, kikaja, mkakifungia."

Mashine ikalia mara moja.

Ikazimika.

Nilikimbia chumbani. Midomo ya mwanangu ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Mume wangu alikuwa kazini na gari, majirani hatujawazoea. Nikanyakua nyundo nivunje mlango wa stoo, lakini nilipoufikia nikapiga magoti, nikalia bila aibu.

"Chukua umeme wote! Niachie mwanangu!"

Mlango ukafunguka taratibu. Baridi ikanipita begani, na harufu ya ubani... ikielekea chumbani.

Kisha nikasikia pumzi. Nzito, ndefu, ya kukwaruza. Pumzi ya mzee.

Nikachungulia. Mashine ilikuwa imekufa. Kifua cha binti yangu kilikuwa kikipanda na kushuka. Midomo ilikuwa imerudi rangi yake.

"Vunja dirisha," mama mkwe alinong'ona. "Kitoke kabla hakijamzoea!"

Niliinua nyundo. Nikamtazama mwanangu.

Nikaiweka chini, nikaenda kukaza madirisha yote. Mpaka leo hayajafunguliwa.