Aliyekula kwa Jina la Bonge

Kilichoanza ni wali. Wifi aliinua kifuniko cha sufuria ya mchana akauona umejaa hadi juu, mweupe, umetulia, lakini alipochomeka mwiko uso wote ukaporomoka ndani. Chini hapakuwa na kitu. Ilikuwa imebaki ngozi tu ya juu, nyembamba kama kitambaa, na sufuria yenyewe imekwanguliwa hadi inang'aa. Ikatoka harufu ya maziwa yaliyoungua, ingawa siku hiyo hakuna aliyechemsha maziwa.

Mtu mwingine angeita majirani. Wifi hakuita mtu. Alimgeukia mke wa mdogo wake, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, safari ambayo kwa mwili ule huchukua muda, akasema, "Mimi sisemi kitu."

Na ukimsikia wifi yule anasema hasemi kitu, tafuta pa kukaa, maana maneno yanakuja.

Mke huyo watu walimwita Bonge. Jina alipewa shuleni, akakua nalo, akaolewa nalo. Mumewe, fundi wa friji, alimwita hivyo kwa mapenzi. Kwa dobi alikokuwa akipiga pasi, wateja walisema, "Mpe Bonge, ndiye anayejua kola." Yeye alicheka kabla ya wote. Mtu mnene hujifunza mapema kujicheka mwenyewe, ili wenzake wakute kicheko kimeshaisha.

Lakini usiku pumzi yake ilikuwa inakatika. Fundi alishazoea kulala kwa jicho moja, akisikiliza mkoromo wa mkewe ukome ghafla, amtikise, aanze tena kuhema. Daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba moyo umechoka, na kwamba dawa iliyobaki ni upasuaji wa kupunguza tumbo. Ila si kila anayeutaka hupewa. Kwanza Bonge apungue mwenyewe, kwa supu na mtindi tu. Halafu siku ya uamuzi aje na ndugu wa nyumba moja, atakayeeleza jinsi Bonge anavyokula akiwa nyumbani. Akishindwa, nafasi anapewa mwingine. "Na huu moyo," daktari akasema, "sidhani kama utatusubiri tuanze upya."

Habari ilifika kwa dobi kabla yake. "Kwani huwezi kufunga mdomo tu?" mmoja akamuuliza. Mwingine akasema, "Unakwenda kukatwa nyama uliyoinunua mwenyewe," wakacheka, na Bonge akacheka nao, akaenda chooni akakaa huko mpaka macho yalipokauka. Akaomba likizo. Heri njaa ya nyumbani.

Nyumbani ndiko alikokuwa wifi, dada mkubwa wa fundi, mjane, aliyehamia kwao baada ya kufiwa. Tusimwonee. Ndiye aliyemlea fundi mama yao alipofariki, na mikono yake haikujua kupumzika. Tatizo lake lilikuwa ulimi. "Lisemwalo lipo," alipenda kusema, "na kama halipo laja." Baada ya wali aliisema methali hiyo asubuhi na jioni, akiutazama mlango wa chumba cha Bonge.

Kisha ukafuata mkate. Ganda zima, ndani patupu. Yakafuata mayai, trei nzima. Ukiyashika ni mepesi, hayana tundu hata la sindano, ukiyavunja unakuta hewa na ile harufu ya maziwa. Hapo hata mwenye chuki angejiuliza yai limeliwaje bila kuvunjwa. Lakini mtu mnene chakula kikipotea hana kesi ya kusikilizwa, hukumu anatembea nayo mwilini.

"Ana mbinu," wifi akasema. "Mdogo wangu, weka kufuli kwenye friji."

Fundi aliweka. Alikuja na komeo, akatoboa mlango wa friji aliyoitengeneza kwa mikono yake, akaanza kukaza skrubu. Bonge alisimama nyuma yake.

"Na wewe unaamini?"

"Siamini. Ila dada hatatulia."

"Kwa hiyo unanifungia mimi ili dada yako atulie."

Bisibisi iliendelea kuzunguka. Bonge alirudi chumbani akalia kimyakimya, akiwa ameuma shuka. Njaa alikuwa ameizoea, lakini mikono ya mumewe ikimfungia chakula hakuwahi kuiona. Ufunguo wifi aliufunga kwa uzi akauvaa shingoni, na kesho yake nyama ndani ya friji iliyofungwa ilikutwa ni utando tu juu ya bakuli. Sasa wakasema ana ufunguo wa pili. Bonge mwenyewe akaanza kujitilia shaka. Kila akiamka alinusa vidole vyake, akapitisha ulimi kwenye meno kutafuta mabaki, kwa maana ukiambiwa jambo na kila mtu kila siku, mwisho unaanza kulitafuta ndani yako.

Mchana mmoja, jua likiwa utosini na mtaa mzima umenyamaza, wifi alikuwa sebuleni anakunja nguo aliposikia kijiko kinakwangua sufuria. Kwaa. Kikapumzika. Kwaa. Friji ikazima mngurumo wake, harufu ya maziwa yaliyoungua ikatambaa kutoka jikoni, na wifi akavua ndala, akanyata kwa furaha ya mtu anayekwenda kumkamata mwizi wake, hatua kwa hatua, huku kijiko kikizidi kasi, kwaa kwaa kwaa, na kadiri alivyokaribia ndivyo furaha ile ilivyomtoka na miguu kupata baridi bila yeye kujua kwa nini, mpaka akafika penye mlango akauona mgongo mpana ndani ya gauni la kijani la Bonge, umeinama mezani, unakula, unakula, na friji pembeni imefungwa na kufuli lake linaning'inia vilevile. Hakuingia. Alirudi sebuleni akakohoa kwa nguvu. Sauti ikakoma. Alipochungulia tena, hapakuwa na mtu.

Akaenda chumbani. Bonge alikuwa amelala, anakoroma.

"Anajifanya," wifi akajinong'oneza, kwa sababu jibu lingine hakulitaka.

Siku ya uamuzi, wifi ndiye aliyefuatana naye. Daktari aliuliza, wifi akajibu kabla swali halijaisha. "Anakula, daktari. Nimemwona kwa macho yangu. Anamaliza chakula cha nyumba nzima."

Bonge aliinamisha kichwa. Alijua moyo wake unasikilizwa pale, na kwamba neno la wifi lilitosha kuuzika. Daktari akamwambia avue viatu apande mizani. Akaitazama. Akamwomba ashuke, apande tena.

"Mama," daktari akamwambia wifi, "huyu amepungua kuliko nilivyomtaka apungue. Damu yake nayo inasema hivyohivyo. Aliyekula chakula chenu simjui, ila si huyu." Akamgeukia Bonge. "Umekubaliwa. Jiandae."

Bonge alitaka kufurahi, akashindwa. Walitoka nje, wakakaa kwenye benchi wakimsubiri fundi, na hapo ndipo alipouliza kwa sauti ya chini, "Wifi, yule uliyemwona. Uso wake uliuona?"

"Mgongo tu."

"Alikuwa anahema? Mimi nikila nahema, wewe mwenyewe hunicheka."

"Hakuwa anahema," akasema, na akaushika ufunguo shingoni.

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani ya kusomea na mkoba wa sokoni. Hakuwasha ubani wala hakuomba kuku. Alinusa jikoni, akavunja yai moja, akalinusa nalo.

"Huyu hafukuzwi kwa moshi," akasema. "Anakula kwa jina la mtu. Kila mkisema 'ni Bonge', mnamkaribisha mezani. Aliyemtaja Bonge kwanza alirudishe neno lake, kwa sauti, mbele ya huyo mlaji mwenyewe. Na mkisharudisha, msimtaje mwingine."

Fundi alimtazama dada yake.

"Nirudishe neno gani?" wifi akasema. "Nilisema nilichokiona."

"Basi mwandalieni sahani," mganga akasema, akachukua mkoba wake.

Siku ya upasuaji wifi alibaki nyumbani. Asubuhi alikuwa amemfungia Bonge mkoba wa hospitali, akalikunja lile gauni la kijani kwa mikono yake akaliweka chini kabisa. Mchana simu ikalia. "Dada, ametoka salama," fundi alisema. "Bado amelala, niko kando yake." Wifi akashukuru, akakata simu, na katika kimya kile akakisikia kijiko.

Akaenda. Angeweza kutoka nje, lakini kuna wakati mtu huenda kutazama alichokitengeneza. Mgongo ulikuwepo, mpana, wa kijani, umeinama juu ya sufuria, na mikono ikipanda na kushuka bila bega kutikisika, na wifi akasimama mlangoni akiwa ameshika fremu kwa mikono miwili, akakumbuka kila neno alilolisema katika nyumba ile, la asubuhi na la jioni, la mbele ya mdogo wake na la mbele ya daktari, akayaona yote yamekaa pale mezani yanakula.

"Wewe si wifi yangu," akasema. "Wifi yangu yuko hospitali. Nilimsingizia."

Kijiko kikasimama.

"Sasa nitakula kwa jina la nani?" likauliza, kwa sauti ya Bonge, taratibu, kama mtu anayeuliza bei.

Wifi hakujibu. Mgongo ukaanza kupungua. Ukasinyaa, mabega yakachongoka, gauni likafifia rangi, mpaka ukawa mgongo mkavu wa mwanamke mzee, na shingoni, chini ya nywele, palikuwa na uzi. Wifi akajipapasa shingoni. Wa kwake ulikuwepo. Akakimbilia barabarani bila viatu.

Hakumwambia mtu. Bonge aliporudi, dhaifu, tumbo limefungwa bandeji, alimkuta wifi amebadilika. Yule aliyekuwa akisema hasemi kitu, sasa kweli hasemi. Komeo la friji fundi alikuwa ameshaling'oa, yamebaki matundu ya skrubu, na Bonge aliyatazama, fundi akatazama kwingine.

Kwa siku chache nyumba ilitulia. Bonge alikunywa supu yake kwa kijiko cha dawa, na fundi kwa mara ya kwanza akalala usingizi wa macho yote mawili. Halafu jioni moja fundi alitoka jikoni amebeba sufuria, akaiweka mbele yao sebuleni, akaigusa kwa mwiko. Wali ukaporomoka.

"Dada," akasema polepole. "Bonge hawezi hata kumaliza kikombe. Mimi nashinda kazini. Na jana mchana nilipopita dirishani nilikuona umeinama mezani unakula. Nikasema nikae kimya. Sasa niambie, mke wangu alilia ndani ya nyumba hii kwa ajili ya nani?"

Wifi hakujitetea. Alimtazama Bonge tu, macho yamemjaa machozi, na Bonge akayatambua macho yale, maana yalikuwa yake.

Na hapa tuseme ukweli. Bonge aliona raha. Aliiacha ile raha imkae kifuani, akamwacha mumewe aseme neno lingine, na lingine baada ya hilo, kwa sababu alikuwa amekosa kulisikia neno kama hilo maisha yake yote, likimwendea mtu mwingine. Alikumbuka mganga alivyosema, na bado akamwacha aseme. Kutoka jikoni harufu ya maziwa yaliyoungua ilianza kuingia.

Akaweka kikombe chini. "Si yeye," akasema.

"Umejuaje? Nimemwona kwa macho yangu."

"Na yeye aliniona mimi kwa macho yake." Akamshika wifi mkono. "Si yeye, mume wangu. Rudisha neno lako."

Fundi akaitazama ile sufuria. "Nimerudisha," akanong'ona. "Si dada."

Wote watatu walikuwa pale sebuleni. Jikoni kijiko kikakwangua mara moja, kikasita. Walisikiliza wasikie kikiwekwa chini, hakikuwekwa. Mlango ukafunguka kiasi cha kupita kiganja, na nyuma yake sauti ya fundi, ilhali fundi mwenyewe alikuwa amekaa nao mdomo umefumbwa, ikauliza kwa upole, "Basi ni nani?"

Wakashikana mikono, wakanyamaza. Na mpaka leo katika nyumba ile, chakula kikipungua, hakuna anayeuliza.