Mikono Mfukoni

"Mkono huu si wako, Fundi, na mimi sitanyamaza," alisema msusi, kitana bado kiko mkononi.

Fundi cherehani akamjibu kwamba mkono ni mkono, na kwamba angefanya vizuri arudi kwenye saluni yake akamalize kichwa cha mteja, aliyeachwa kibarazani nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Mteja mwenyewe hakulalamika. Alikuwa amesogeza kiti ili asikie vizuri.

Ugomvi ulikuwa juu ya picha. Fundi alitaka bango la kutundika juu ya mlango wa duka lake, limwonyeshe yeye akikata kitambaa. Kazi ya kuchora alimpa binti wa jirani, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kuongea. Chiriku alichora kwenye tableti aliyopewa na mjomba wake. Jana alimtumia fundi picha kwa simu, fundi akamwonyesha kila aliyepita, na kesho asubuhi ilikuwa ipelekwe kwa mchapaji wa mabango.

"Tangu nikufahamu unakata kwa mkono wa kushoto," msusi aliendelea. "Huyu anakata kwa kulia. Tena vidole vyake vimenyooka kama vya watu wa matangazo, na wewe kidole chako cha mwisho kimepinda. Mtoto amechora kichwa chako, lakini mikono ameitoa mahali pengine."

"Amekosea tu. Watoto hawakosei?"

"Kama ni kosa, aje achore mwingine hapa tumwone."

Nyuma ya pazia la mlango wa kwao, hatua chache kutoka hapo, Chiriku alisikia kila neno. Akarudi chumbani kwa kunyata, akaketi ukingoni mwa kitanda, tableti mapajani.

Msusi alikuwa amesema kweli. Ile mikono ilikuwa ya mtu asiyemjua, kwenye picha aliyoipata mtandaoni. Programu yake ya kuchorea ilikuwa na matabaka, kama karatasi nyepesi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Aliiweka picha ya mtu yule tabaka la chini, akaifuatisha mstari kwa mstari kwenye tabaka la juu, kisha akalifuta lile la chini. Alidhani amefuta na ushahidi.

Hakuanza hivyo. Mwanzoni alijifunza kwa furaha, na kila wiki aliona tofauti. Macho yalikaa mahali pake, pua zikaacha kufanana na viazi. Ila mikono ilimshinda. Vidole vilitoka vinene kama soseji, naye akabonyeza kitufe cha kufuta, akachora tena, akafuta tena. Miezi ikapita akiwa palepale. Mwisho akavumbua ujanja: watu wake wote wakaanza kuweka mikono mfukoni. Mwalimu mikono mfukoni, daktari mikono mfukoni. Hata bibi harusi alimchorea gauni lenye mifuko.

Lakini mtu anayekata kitambaa humfichi mikono.

Sasa hakuona pa kutokea. Akinyamaza, bango litatundikwa, na kila siku atapita chini ya ule mkono wa uongo akisubiri mtu mwingine agundue. Akisema, mama yake atasikia. Naye mama alishamwonya siku tableti ilipoingia nyumbani kwamba akiitumia kwa udanganyifu wowote, itarudi kwa mjomba. Alijaribu kuchora mkono mmoja. Vikatoka vidole vya soseji. Akafuta. Akajaribu tena, akafuta.

Ndipo aliposikia ndara zikija. Alizijua ndara zile.

"Hodi."

Chiriku alifikiri kutoitika. "Mama hayupo," akasema.

"Sikumfuata mama yako."

Msusi akaingia, akaketi kando yake. Hakuuliza kitu, na kwa mwanamke yule, ambaye kila habari ya mtaa ilipitia saluni kwake, kukaa kimya kulitisha kuliko maswali. Chiriku hakuweza kuvumilia.

"Mikono si yangu, shangazi," akasema. "Niliifuatisha." Kisha yote yakamtoka, mpaka kwamba hasongi mbele tena na ni afadhali tableti irudi kwa mjomba.

Msusi hakumkaripia. Alitoa simu. Tangu aanze kuchora, Chiriku alikuwa akimtumia kila picha ili awaonyeshe wateja wake. Kwenye tableti alizifuta zote zilizomtia aibu, lakini msusi hakuwa mtu wa kufuta kitu. Akaanza kumfungulia moja baada ya nyingine, kuanzia za zamani. Mkono wa kwanza ulikuwa kama uma, wenye meno manne. Uliofuata ulikuwa uma wenye meno matano. Mbele kidogo palikuwa na mkono ulioshika kikombe, si mbaya, dole gumba liko mahali pake. Baada ya hapo mifuko ikaanza.

"Hapa ulikuwa unapanda," alisema msusi. "Halafu ghafla watu wako wote wakapatwa na baridi."

Chiriku akaisogeza simu karibu, akaitazama mifuko ile.

"Hukukwama kwa sababu huwezi, mwanangu. Ulikwama siku ulipoanza kuificha mikono. Sasa nenda kwa fundi ukamwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea, na unajua kunyamaza kwangu ni kazi."

Zile hatua chache zilikuwa ndefu. Fundi alikuwa kwenye cherehani. Chiriku alimwamkia, akasimama, akasema upesi kabla woga haujamfunga mdomo. Cherehani ikanyamaza. Fundi akavua miwani.

"Kwa hiyo nimemtetea mwongo mbele ya majirani?"

"Ndiyo, Fundi. Naomba unisamehe."

Fundi akairudisha miwani machoni. Kisha mzee yule akasogeza vitambaa, akashika mkasi kwa mkono wa kushoto, akauweka mkono huo juu ya meza ya kukatia.

"Chora," alisema. "Na usifute."

Mkono wa kwanza ulitoka soseji. Kidole cha Chiriku kikakimbilia kitufe cha kufuta, fundi akakohoa, kikarudi. Akachora mwingine pembeni ya ule, kisha mwingine, safari hii akiutazama mkono wa fundi zaidi ya kioo cha tableti. Jua liliposhuka hadi dirishani, tableti ilikuwa imejaa mikono mibovu, na katikati yao mmoja ulioonekana mkono kweli. Dole gumba lilikuwa nene mno. Lakini kidole cha mwisho kilipinda palepale kilipopinda cha fundi.

Fundi akamwita mkewe aje aone. Mkewe akacheka. "Huu ni wako. Ningeuokota njiani ningekuletea."

"Huu ndio utakaotundikwa, na dole gumba lake hivyohivyo," alisema fundi. "Bango litasubiri siku moja. Jioni hii tutakwenda wote kwa mama yako, utamweleza kama ulivyonieleza mimi. Sikiliza, Chiriku. Kazi ikikushinda, hapo ndipo pa kukaa, usipakimbie. Ukipaficha kwa uongo utabaki na mambo mawili: hujui, na unaogopa. Leo umebakiwa na moja tu, kutojua, na hilo tumeshaanza kulipunguza."

Mlangoni kivuli kilitikisika. Msusi, aliyepaswa kurudi kwa mteja wake, alikuwa amesimama pale muda wote.

"Na wewe ingia," fundi akamwambia bila kugeuka. "Umeshasikia yote, ukose nini tena?"

Harufu ya chakula ilitoka chumba cha nyuma. Chiriku alirudi nyuma hatua moja, macho chini, mikono ameizamisha ndani ya mifuko ya gauni lake.

"Toa mikono mfukoni, mwanangu, ukanawe," mke wa fundi alimwambia. "Njoo tule."