Michoro ya Speciosa

Mapenzi ya Speciosa yalianza kwa kupigwa kikumbo stendi ya Biharamulo, saa nne asubuhi, wapiga debe wakigombea abiria. Boksi la vioo vya maabara lilimponyoka. Kijana wa shati jeupe lililonyooshwa pasi akalidaka kabla halijagusa chini.

"Pole, dada. Umebeba mayai?"

"Nimebeba watu. Vipande vya mapafu, figo na utumbo, kwenye vioo vya hadubini."

"Mungu wangu! Mimi Danstan, mwalimu wa baiolojia Nyamigogo. Nipe namba kabla hujanikata na mimi."

Akampa. Ningekuwa mimi nisingempa, lakini Speciosa, msimamizi wa maabara ya sekondari huko Ngara, alishaviona vishimo vya mashavu. Basi kila jioni ikawa simu.

"Mwalimu wangu mtamu, nifafanulie tena epithelia sahili."

"Wewe! Jana si nilikwambia? Ni tabaka moja tu la seli. Zikiwa bapa, kama za mapafu, hewa inapenya upesi. Za mchemraba ziko kwenye mirija ya figo. Zile ndefu kama nguzo ziko utumboni, zinafyonza chakula."

"Na za moyo wangu?"

"Bapa! Chochote kinapita."

Wakacheka. Kwa mapenzi, Speciosa akamchorea zote kwa penseli za rangi, kila Jumamosi, mwezi mzima. Halafu siku moja shuleni kwao kikaletwa kijitabu. Ndani, michoro yake, mstari kwa mstari. Juu ya jalada, Danstan Niyomugabo. Jina lake yeye halikuwepo hata nyuma.

Hakulia, wala hakupiga simu. Danstan alipoomba kuazima vioo kwa ajili ya semina ya walimu wa wilaya zote mbili, Ngara na Biharamulo, alimjibu kwa sauti ya asali, "Chukua, mpenzi." Kisha akabandua lebo ya mapafu, akaibandika kwenye utumbo. Atanitambua, alisema moyoni.

Siku ya semina alikaa kiti cha mbele na kitenge chake chekundu, hereni zikining'inia, mdomo umekolea rangi. Danstan akaweka kioo kwenye hadubini, akasoma lebo, hata hakuchungulia.

"Haya ni mapafu. Mtaona seli bapa."

Mwalimu Bernadetha, mama mzima aliyefundisha miaka thelathini, akainama kutazama. "Bapa ziko wapi, mwanangu? Mimi naona nguzo. Huu si utumbo huu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Speciosa akasimama.

"Shikamoo, mama. Aliyechora kile kijitabu asingehitaji lebo. Hebu mwulizeni ni nani."

Jasho lilimtiririka Danstan. "Ni yeye. Speciosa Nduwayo. Mchapaji aliliacha jina lake, nikaona sifa tamu, nikanyamaza."

Nje akamfuata mbio. "Lebo uliandika wewe. Niliuamini mkono wako!"

"Na mimi nilikuamini na michoro yangu. Imekuuma?"

"Imeniuma."

"Vizuri sana!" Lakini machozi yalimtoka, maana bado alikuwa anampenda, na hilo lilimuudhi kuliko wizi wenyewe.

"Nataka kukuoa, Speciosa."

"Thubutu! Kwanza zunguka kila shule uliyoigawia kijitabu. Andika jina langu kwenye kila jalada, kwa mkono wako. Nakala zote mia. Ikibaki moja, nisahau."

Miezi miwili Danstan alizunguka kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Speciosa alipokea simu zake kwa raha isiyo na haya.

"Kibimba nimemaliza, mpenzi. Mvua imeninyeshea."

"Pole. Endelea."

Mwishowe akapiga, sauti imemkauka. "Tisini na tisa. Moja haionekani popote. Nimetafuta mpaka nimechoka, nihurumie."

"Iko Nyamiaga, kwa baba. Nilimpelekea mwenyewe."

Akamsikia akiwasha bodaboda.

"Kamwamkie, kisha uandike jina langu mbele yake, umweleze kwa nini halikuwepo. Usiruke hata neno."

"Na posa?"

"Utaitoa hapo hapo," akasema Speciosa, "kalamu ikiwa bado mkononi."