Sleji ya Marehemu

Kulungu wanne walikuwa wanavuta mtoto mmoja na ngozi zake za kulalia, lakini walihema na kujikwaa kila hatua. Hadne alirudi nyuma akatazama alama za sleji, lile gari la mbao lisilo na magurudumu, kwenye theluji. Zilikuwa zimezama mno.

"Baba Sevko," alimwita mumewe Yeiko, "hii sleji umeitoa wapi?"

"Nimeiokota. Yetu imevunjika, dhoruba inakuja. Ulitaka umbebe mwanao mpaka kambini?"

"Umeikuta imesimama au imepinduliwa?"

Yeiko akajitia kuhangaika na kamba. Ardhi ya kule imeganda, haichimbiki. Maiti huwekwa juu ndani ya sanduku, na sleji yake hupinduliwa kando ya sanduku, isitumiwe tena na aliye hai. Yeiko alilijua hilo tangu utotoni, ila kichwa chake kigumu hakina dawa.

"Imepinduliwa," alisema. "Mwenyewe kafa, ataipanda aende wapi?"

Hadne akafunua ngozi. Harufu ya tope bichi ikampiga puani, tope la kiangazi katikati ya baridi ile, na Sevko alikuwa akimchekea mtu asiyeonekana. Hadne alimkumbatia akataka kumtoa, lakini mtoto alikuwa mzito, hainuki, na walipoondoka tena kwa haraka ukaanza mvumo wa mwanamke anayebembeleza, chini chini, ukiwafuata bondeni na mlimani, hata waliposimama haukukoma, na sleji ikawa inapembea yenyewe mahali ambapo hapakuwa na upepo wala mkono wa mtu.

Kambini, mganga Bibi Pirne aliisogelea, akarudi nyuma.

"Wewe bwana, masikio yako ni ya kutundikia kofia tu? Mwenye sleji hii alikufa kwa uchungu wa kuzaa. Mrudishieni chake, upesi, kabla hajamzoea mtoto."

Wakairudisha, Sevko bado ndani. Wakaipindua taratibu kando ya sanduku, mtoto akateleza thelujini na ngozi zake, wakachinja kulungu, bibi akapiga ngoma mpaka mvumo ukakatika na harufu ikapotea. Hadne alimwinua mwanawe: mwepesi kama zamani. Alilia kwa furaha.

"Amemwacha?" alinong'ona.

Bibi akainama. Alikuwa amekazia macho uso wa mtoto. Kwa baridi ile pumzi za wote zilitoka zikiwa moshi mweupe, ya Hadne, ya Yeiko, hata za kulungu. Sevko alikuwa akicheka kwa sauti, kinywa wazi, na hapakutoka moshi.