Kokoto Ndani ya Ndoo

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alibeba ndoo ya mahindi akaenda malishoni kumwita Shwari, farasi jike wa mjomba wake. Jina hilo la Chiriku msichana huyu alipewa na bibi yake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kazi yake ilikuwa kumpanda Shwari na kupeleka maziwa ya wagonjwa zahanati, nyuma ya kilima.

Wiki ile Shwari aligeuka. Akisikia ndoo inatikiswa, anatimka hadi pembe ya mbali ya ua. Alhamisi alikimbizwa mpaka jua likawa kali na maziwa yakaharibika.

"Basi!" mjomba alifoka. "Kesho asiposhikika, namrudisha kwa yule msomba mawe aliyeniuzia. Kule atafunzwa adabu."

Moyo ulimpasuka Chiriku. Makovu ya mjeledi wa msomba mawe bado yalionekana mgongoni mwa Shwari.

"Mjomba, jamani, Shwari hana kosa!"

"Kama yeye hana, nani analo?"

Chiriku akakosa neno. Bibi, aliyekuwa akichambua maharage kizingitini, alishtuka kwa kimya kile. Akaivuta ndoo, akaitikisa, kisha akatia mkono ndani.

"Mjukuu wangu," alisema, kokoto zimejaa kiganjani, "siku hizi farasi wanatafuna mawe?"

Machozi yakamtoka Chiriku. "Nisamehe, bibi. Nilikuwa nachelewa kuamka. Kwenda ghalani kuchota mahindi kunachukua muda, na mlio wa kokoto ni ule ule. Akija tu, namvisha hatamu."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Mjomba alijikuna kichwa. "Loo! Kumbe nataka kumfukuza mwenye akili kuliko sisi sote."

"Mpe nafasi hiyo ya kesho kama ulivyosema," bibi alimwambia. Kisha akamgeukia Chiriku. "Nawe usimkimbize. Mwache achague mwenyewe."

Ijumaa Chiriku aliamka kabla ya kuitwa. Alijaza mahindi, akaitundika hatamu langoni, akaketi nyasini, ndoo mapajani. Shwari alimtazama kwa mbali. Jua likapanda. Mjomba, langoni, akakohoa mara mbili. Chiriku hakutikisika wala hakusema neno.

Shwari akasogea hatua moja. Akasimama. Akasogea tena, akanusa, akapuliza pumzi ya moto juu ya mikono ya msichana, kisha akazamisha mdomo ndani ya ndoo. Alikula mpaka punje ya mwisho. Chiriku alipoleta hatamu polepole, Shwari aliinamisha kichwa mwenyewe.

"Mungu ashukuriwe," bibi alinong'ona.

Maziwa yalifika salama. Waliporudi, mjomba alicheka, "Msomba mawe atafute wake!"

Bibi alimshika Chiriku bega. "Mnyama hana ulimi wa kukushtaki, mwanangu, lakini hasahau. Na Mungu anaona hata kilichomo ndani ya ndoo. Ukitaka kuaminiwa, kuwa mkweli kila siku, hata kwa asiyesema."

"Nimesikia, bibi. Tena kesho nitaamka mapema zaidi, na kesho kutwa, na mtondo, halafu…"

"Haya," bibi akaguna, "chiriku amerudi."