Kanisa Upande wa Kushoto

Haya yalimpata Januari, mdogo wangu wa tumbo moja. Sikusimuliwa.

Aprili 2011 nilikuwa naishi kwao, ghorofa ya tisa, mtaa wa Dixon, huku ughaibuni. Jumamosi moja mkewe, Anastasia, alirudi na picha kwapani: mji wa Italia, mistari myembamba kama unywele. Mto, daraja, kanisa upande wa kushoto. Ya zamani sana, alisema.

"Umeiokota wapi?"

"Nimenunua, wifi. Watu wenye macho hununua picha."

"Wenye macho wangenunua pazia."

Kioo kilikuwa na ufa. Tukaipeleka kwa Ramzanali, Mhindi wa Moshi anayetengeneza fremu kule Mount Dennis. Aliitazama, kicheko kikamwisha.

"Mchongaji alikosea," alisema. "Mji huu nimefika, kanisa liko kulia. Picha hii imechapwa kwa bamba la shaba: bamba huchorwa kinyume, kwa sindano, kisha tindikali inakula ile mistari. Ukipaka wino na kugandamiza karatasi, picha inatoka sawa. Huyu alisahau kugeuza." Akaninong'oneza mimi peke yangu: "Mama, fundi wa namna hii halali mpaka arudie kazi. Msikae nayo."

Kioo hakubadilisha. Anastasia alimcheka hadi kituo cha basi, akaitundika mbele ya kiti anachokalia Januari akila.

Wiki ya pili Januari alitia mkono wa kushoto kwenye bakuli la mboga. Nikauchapa.

"Umekuwa mtoto mchanga?"

Aliutazama ule mkono kama wa mgeni. Tangu siku hiyo wa kulia haukumsaidia hata kufunga kifungo.

Kisha kifua kikaanza kumwaka. "Dada, ni kama maji ya betri," alisema. Daktari alimwekea kile chombo cha kusikilizia upande wa kushoto. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Moyo ulikuwa unadunda kulia. Eti kazaliwa hivyo. Kazaliwa wapi? Nimembeba mgongoni mimi, ule moyo naujua.

Nikamwambia Anastasia, "Toa hiyo picha. Mumeo anakwisha."

"Uchawi wenu uacheni huko kwenu. Hapa kwangu haitoki."

Nilingoja yeye aende kazini, Januari akiwa amelala. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Nikaitoa kwenye fremu, nikaichanachana, nikaenda kuitupa kwenye tundu la taka la korido. Nikarudi nikijisifu.

Nyumba ilinuka tindikali.

Januari alikuwa amelala chali. Shuka jeupe limemganda kifuani. Nilimwita. Nikaweka kiganja puani pake. Hakuna pumzi.

Nikalivuta shuka. Lilikataa. Nikavuta tena. Likabanduka taratibu, kama plasta kwenye kidonda.

Kifua kilikuwa mistari mitupu. Myembamba. Ya kina. Hakuna tone la damu.

Nikageuza shuka. Mto. Daraja. Kanisa.

Kulia.

Hospitali waliandika moyo. Anastasia anasema nimemuua mimi, kwamba ningeiacha karatasi yake mchongaji asingetafuta nyingine. Zamani alikuwa haamini.

Shuka ninalo, kwenye mfuko wa plastiki chini ya sinki. Nimelifua kwa jiki mara nne. Huu ni mwaka wa sita, na kila nikilishika, wino unanichafua vidole.